Meza ya Kumi na Mbili

Tulimwita Rula. Jina alilopewa na wazazi wake nalikumbuka vyema, lakini hakunipa ruhusa ya kuliandika, na nimekwisha kuandika mambo yake mengi pasipo ruhusa. Lakabu hiyo aliipata kwa sababu ya rula ya mbao aliyoichomeka ndani ya soksi yake ya kushoto kila siku ya masomo. Alipima kila kitu: upana wa dawati, kimo cha ubao, unene wa mlango wa ofisi, na siku moja pua ya kiranja wa darasa, ambaye alikubali kupimwa kisha akayakataa majibu.

Baba yake alikuwa seremala wa milango na fremu, na Rula alijua kusoma vipimo kabla hajajua kusoma hadithi. Mimi nilikuwa msichana mwenzake na jirani yake wa dawati. Walinibandika jina la Redio. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisema kwamba ningenyamaza tu siku umeme ukikatika, na hata hapo huenda ninazo betri.

Shule yetu ilikuwa ya mchanganyiko. Tulipoingia kidato cha tatu kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua somo moja la mkono, na kwa miaka yote wavulana walichagua uchoraji wa kiufundi au useremala, wasichana wakachagua maarifa ya nyumbani. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Chumba cha uchoraji kilikuwa mwisho wa jengo la karakana, nacho kilikuwa na meza kumi na mbili zenye vibao vya kuinamisha, kila moja na rula yake ya T. Somo hilo lilitahiniwa kwa vitendo, hivyo asiye na meza hakuwa na mtihani, na asiye na mtihani hakuwa na cheti.

Rula alijiandikisha. Mwalimu wa uchoraji, mtu wa maneno machache ambaye viganja vyake vilikuwa na weusi wa penseli hata siku za mapumziko, aliutazama mchoro wake wa kwanza, sanduku lililochorwa kutoka pande tatu, akamwonyesha meza ya kumi na mbili, ile ya karibu na mlango. Mkuu wa shule alikubali kwa muhula mmoja. Katikati ya muhula akaja mvulana aliyehamishwa kutoka shule nyingine, ambaye huko alikotoka alikuwa amekwisha kulianza somo. Sasa walikuwa kumi na watatu. Mkuu akasema ataamua mwisho wa muhula nani abaki.

Niliwahi kumuuliza Rula kwa nini anaihangaikia meza ile.

"Nataka nichore ramani za majengo," alisema. "Nyumba isimame mahali fulani kwa sababu mimi nimesema isimame pale."

"Na maarifa ya nyumbani?"

"Nyumbani kwetu nayafanya kila siku bure. Mpaka nitahiniwe?"

Muhula huohuo alikuja mwalimu mpya wa uraia, mwanamke aliyetoka chuoni moja kwa moja, mwenye sauti ndogo na mwandiko mkubwa. Mada yake ilikuwa usawa wa kijinsia. Siku ya kwanza alituagiza tuorodheshe kazi zote zinazofanywa nyumbani kwetu tangu kuamka mpaka kulala, pamoja na mtu anayezifanya. Akaugawa ubao sehemu mbili. Upande wa wanawake ulijaa hadi akaanza kuandika pembezoni. Upande wa wanaume ulikuwa na mistari minne, na mmoja wao ulisema "kuchota maji (mama akiumwa)".

Mvulana wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, mbona hujaandika kulinda nyumba?"

"Baba anailinda kwa kitu gani?"

"Kwa kuwepo."

Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka, akaandika "kuwepo" upande wa wanaume. Kisha akalitaja neno ufeministi, akalieleza taratibu: kwamba ni imani kuwa mwanamke ni mtu kamili kama mwanamume, na kwamba dunia ipangwe kwa kulizingatia hilo. Msichana mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba alidhani ni ugonjwa.

Niliyapokea mafunzo yale kama nilivyoyapokea mengine yote. Nilikuwa na maana nne, vikwazo vitano na njia sita za kuviondoa, vyote vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Katika jaribio nilipata tisini na mbili. Nimejiuliza mara nyingi kama nililielewa somo lile au nililikariri tu, na kila nikijiuliza nagundua kwamba sijui tofauti ilikuwa wapi. Sikumbuki kulihusisha hata mara moja na mtu niliyemfahamu.

Mwalimu wa uraia alitaka kumsaidia Rula. Hilo halina shaka. Aliandaa mdahalo wa shule nzima, mada ikiwa kwamba wasichana wapewe nafasi sawa katika masomo ya ufundi, akamwalika mkuu wa shule aje asikilize sauti za wanafunzi kabla hajaamua. Alidhani kwamba jambo lililo wazi kwake lilikuwa wazi kwa ukumbi mzima. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliendesha mdahalo kwa kanuni za mdahalo: wasemaji wanne walichota vikaratasi ndani ya boksi la chaki, na upande uliouchota ndio ulioutetea, uupende usiupende. Mimi na Rula tulikuwa miongoni mwa hao wanne. Rula alichota utetezi, nami nikachota upinzani.

Nilimfuata mwalimu mlangoni. "Mwalimu, naomba nibadilishiwe. Mimi siamini upande huu."

"Hoja si imani," alisema. "Nikikubadilishia wewe, kesho kila mtu atataka kubadilishiwa. Tena wewe ukisema upande ule, wenzako wa utetezi watalazimika kujiandaa vizuri zaidi."

Rula alikuwa akinisubiri kwenye bomba la maji.

"Umechota nini?"

"Upinzani."

"Haya, pinga, ndiyo kazi uliyopewa. Usinionee huruma nikaonekana mgonjwa." Alinawa mikono. "Ila mwenzangu, usiguse habari ya meza. Kwamba meza ni chache na msichana ataolewa aiache. Mengine yote nina majibu yake. Hilo sina."

"Siligusi," nilimwambia.

Nyumbani nilifanya mazoezi mbele ya mama yangu aliyekuwa akipiga pasi. Mama aliwahi kusomea upigaji chapa na akafanya kazi ofisini miezi minane kabla ya kuolewa. Mashine yake ya chapa ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Nilimuuliza kwa nini aliacha.

"Niliacha au niliachishwa?" alisema, akageuza shati upande wa pili. "Ulipozaliwa wewe ningekuacha na nani? Baba yako alisema, mke wangu, vidole hivyo nitavilisha mimi. Amevilisha." Hakusema kwa uchungu wala kwa furaha. Nililiandika hilo pembezoni mwa daftari langu, nikijiambia kwamba naliandika tu.

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Mkuu wa shule alikaa mbele, miguu ameinyoosha. Msemaji wa kwanza wa utetezi alisoma kutoka kwenye karatasi. Wa kwanza wa upinzani akasema wanawake wana mifupa myepesi, akazomewa. Kisha akasimama Rula. Alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusema mbele za watu.

"Mimi nachora," alisema. "Mistari yangu imenyooka. Mwalimu wa uchoraji yupo pale, aulizwe." Akatazama huku na huku. "Ni hayo."

Mtunza muda aliangalia saa yake kama anayehisi kwamba imesimama. Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, "Ndiyo pointi au salamu?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikasimama mimi. Hoja zangu tatu za kwanza ziliteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Nilimwona mkuu wa shule akiangalia dirishani, na nilimwona mwalimu wa uraia ametulia, karibu atabasamu. Ningeweza kukaa. Dakika zangu zilikuwa zimebaki mbili, na ningeziacha zipite asingenilaumu mtu. Siwezi kueleza vizuri kilichonisukuma. Nadhani nilichukia kusikia ukumbi umenyamaza nikiwa nasema.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "meza zetu ni kumi na mbili. Hazizai. Nyumbani kwetu kuna mashine ya chapa. Mwenye mashine alisomeshwa, akapewa kiti ofisini, akakikalia miezi minane. Leo mashine iko juu ya kabati, imevikwa kitambaa kizuri kuliko nguo yangu ya sikukuu. Kile kiti kingemfaa nani miaka hii yote? Sisemi msichana hawezi. Mama yangu aliweza. Nauliza, meza ikishaachwa, nani atairudisha?"

Walicheka penye kitambaa, wakapiga makofi penye swali. Walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi likapanda. Nikaendelea hadi kengele ya mtunza muda. Ningependa kuandika kwamba nilisema huku moyo ukiniuma, lakini si kweli. Nilikuwa nafurahia. Nilipokaa furaha ile ikanitoka yote, na sikuja kupata kitu cha kuijaza nafasi yake.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, wasemaji tukiwemo. Hamsini na nane walisimama na upinzani, thelathini na saba na utetezi. Wasichana wengi walikuwa katika wale hamsini na nane. Nami nilikuwamo. Niliinua mkono kwa sababu ndivyo afanyavyo msemaji kwa upande wake.

Mkuu wa shule akasimama, akajifunga kifungo cha koti. "Nilikuja na swali, naondoka na jibu," alisema. "Nisingependa kusema kwamba nimeamua mimi. Wanafunzi wenyewe wamesema."

Nilitumwa kupeleka daftari la mdahalo ofisini kwake, nikasimama mlangoni kwa kuwa mwalimu wa uraia alikuwa ndani.

"Mzee, ile ni kura ya nani amesema vizuri," alikuwa akisema. "Si kura ya nani aondolewe."

"Mwalimu, uliniambia nije nisikilize sauti ya wanafunzi. Nimesikiliza."

"Lakini yule binti wa upinzani amechota karatasi. Hata yeye haamini alichokisema."

"Hilo ndilo linalonishangaza. Wewe umewafundisha kupiga kura. Leo unataka niwafundishe kwamba kura hazihesabiwi?"

Mwalimu alitoka akanipita bila kuniona, au aliniona. Aliendelea kutufundisha mpaka mwisho wa mwaka. Hakuandaa mdahalo mwingine.

Jumatatu Rula alihamia maarifa ya nyumbani. Alipewa kazi ya kushona aproni, akaichora kwanza kutoka pande tatu, na muda ukaisha kabla hajaishona. Mchoro wake wa sanduku ulibaki umebanwa ukutani katika chumba cha uchoraji hadi kuta zilipopakwa rangi. Nilimwomba msamaha siku ileile ya Jumatatu. Aliendelea kuchonga penseli.

"Uliongea vizuri," alisema. Tulikaa dawati moja mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, tukiazimana vifutio, na habari ile haikutajwa tena.

Mimi niliendelea. Cheti cha msemaji bora kiliambatanishwa na maombi yangu ya chuo kikuu. Nilisoma sayansi ya jamii, na kwa miaka ishirini sasa kazi yangu ni kuandaa mafunzo ya usawa wa kijinsia kwa watumishi wa ofisi mbalimbali. Nalipwa mshahara mzuri kusema yale ambayo mwalimu wa uraia aliyasema bure kwa sauti ndogo. Rula alimaliza shule, akaomba kazi katika karakana ya vioo na fremu za alumini, akaanzia kufagia vipande. Leo ndiye fundi mkuu pale. Mafundi wanamwita Mama Vioo. Ameolewa, ana watoto watatu, na hakuacha kazi hata kwa mmoja wao. Aliwalaza katika boksi la kupakilia vioo lililotandikwa blanketi, mbali na meza ya kukatia.

Hayo niliyajua mwaka jana tu, ofisi yetu ilipoamua kubadilisha madirisha nami nikapewa kuisimamia kazi hiyo. Aliingia chumbani kwangu na futi ya chuma mkononi, miwani imening'inia kifuani, akanitazama kidogo.

"Redio," alisema. "Kumbe ndiwe bosi wa hapa."

"Bosi yuko ghorofa ya juu. Karibu, mwenzangu. Kaa."

"Nikikaa nitapima saa ngapi?"

Alipima dirisha pande zote mbili na mshazari wake, kwa sababu, alisema, hakuna dirisha duniani lililonyooka isipokuwa kwenye karatasi. Hakuandika namba mpaka alipomaliza madirisha yote manne. Kwenye kizingiti cha dirisha la mwisho palikuwa na nakala za kitabu chetu cha mwongozo. Akaziinua apate kupima, kisha akavaa miwani, akafungua moja. Nilijua atafika wapi. Kisa cha tatu kinamhusu msichana aitwaye R., aliyenyang'anywa meza ya uchoraji baada ya mdahalo shuleni. Nilikiandika mimi. Nimekisoma mbele ya watu mara zisizo na idadi, na mara nyingi kuna anayefuta machozi.

Alisoma akiwa amesimama. "Huyu 'mvulana mmoja hodari wa maneno' ni nani?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nauliza, kwa nini mvulana?"

 Kwa maswali ya aina hiyo ninayo majibu mengi, ya kitaalamu. "Kinaeleweka kwa urahisi zaidi hivyo," nilisema.

"Mwamba ngoma huvutia kwake." Akafunua ukurasa. "Na hapa, 'R. alikata tamaa akaacha shule, akaozwa.' Nani aliyeacha shule?"

"Sikujua ulikokwenda."

"Ungeuliza. Kwa baba hapakuhama mtu." Alikirudisha kitabu mahali pake, akakinyoosha kilingane na vingine. "Nilimaliza. Andika hivyo. Nilimaliza, na mume nilimtafuta mwenyewe, tena kwa shida."

Nilichukua kalamu nikasahihisha nakala ile mbele yake. Alikuwa ameanza kukunja futi. Nilimwambia kwamba nakala nyingine mia tatu zimekwisha kusambazwa, nikajisikia nikilisema hilo kama ninayeripoti. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria kurudi chuoni, akapate cheti.

"Nilikwenda mara mbili," alisema. "Wanataka matokeo ya uchoraji ya sekondari. Wakaniambia, mama, michoro yako ni mizuri, lakini somo hukulifanya."

Baada ya siku tatu alileta mchoro wa madirisha yetu, umechorwa kwa penseli ngumu, kila kipimo mahali pake. Afisa manunuzi aliugeuza huku na huku. "Mchoro safi," aliniambia, "ila hapa chini panatakiwa jina la mchoraji na namba ya cheti. Nani kauchora?" Nikampigia Rula.

"Yupo bwana mmoja mwenye cheti," alisema. "Anakuja karakana kila Alhamisi, ananakili michoro yangu, anapiga muhuri. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Niache niandike barua. Naweza kueleza kwamba kazi ni yako."

"Utamweleza nani?"

"Kamati ya manunuzi."

"Itakaa lini?"

"Mwezi ujao. Pengine ule mwingine."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Redio. Nina mafundi wawili wamekaa wanasubiri alumini ikatwe. Weka sahihi."

Ijumaa fomu ilikuja mezani kwangu. Mchoraji: jina la yule bwana, na namba yake. Chini yake palikuwa na mstari wa msimamizi anayethibitisha kwamba mchoro umechorwa na mtu aliyetajwa hapo juu. Mtu huyo sijawahi kumwona. Nilishika simu nimpigie afisa manunuzi, nikaiweka. Jumatatu nilikuwa na mafunzo ya siku mbili, yenye washiriki arobaini, na sikuwa nimemaliza kuyaandaa. Niliweka sahihi. Nilikaa nikisubiri kuhisi kitu, kisha nikaipeleka fomu ghorofa ya juu.

Madirisha yalifungwa juma lililofuata. Rula alisimamia mwenyewe. Alifungua na kufunga kila moja mara tatu, akapitisha kidole kwenye mpira, akafuta alama ya kidole kwa kiwiko cha shati. Yanafungika bila kelele.

"Kuna chumba kingine?" aliniuliza.

Nikamwambia hakuna.